Kulea Watoto Ukiwa na Saratani ya Damu: Somo Tulilolipata kwa UKIMWI

Watanzania wengi waliisikia saratani ya damu kwa mara ya kwanza Oktoba 1999. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amelazwa katika Hospitali ya St Thomas, London, na nchi nzima ilitega sikio redioni hadi tarehe 14, Rais Benjamin Mkapa alipotangaza kuwa Baba wa Taifa amefariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 77. Kenya nayo ilishtuka Julai 2019 ilipompoteza Bob Collymore, Mtendaji Mkuu wa Safaricom, ambaye alikwenda kutibiwa Uingereza, akarejea kazini, na mwaka mmoja baadaye akafariki. Misiba hiyo miwili ilijenga picha moja vichwani mwa watu: huu ni ugonjwa wa wakubwa, hutibiwa Ulaya, na mwisho wake ni jeneza.

Picha hiyo inawaacha nje watu utakaowakuta kwenye mabenchi ya kliniki zetu za damu. Wapo mafundi cherehani wa miaka thelathini na kitu, walimu wa shule za msingi wenye watoto watatu, waendesha bodaboda ambao wake zao ni wajawazito, na akina mama waliokuja na mtoto mgongoni kwa sababu hakuna wa kumwachia. Hawa hawana muda wa kuugua. Wana watoto wa kulisha leo jioni na ada ya kulipa mwezi ujao.

Hoja ya makala haya ni moja. Kwa sehemu kubwa ya wagonjwa hao, dawa ya kuwafikisha mbali ipo. Kinachoamua nani atamwona mwanawe akimaliza shule ni mambo ya nyumbani: nauli, siri, mimba, homa ya mtoto, ndugu wenye mashaka. Mambo hayo Afrika Mashariki ilishayashughulikia kwa mafanikio makubwa ilipokabiliana na UKIMWI. Maarifa yale tunayo hadi leo, lakini yamebaki kwenye jengo jingine la hospitali ileile.

Jina moja, magonjwa mengi

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uloto. Saratani ya damu huanza pale chembe moja ya uloto inapoharibika, ikaanza kuzaliana bila mpangilio na kuzibana chembe nzima. Chembe gani imeharibika, na kwa kasi gani inazaliana, ndiko kunakotenganisha ugonjwa mmoja na mwingine. Saratani ya Mwalimu ilikuwa ile ya limfu iliyo sugu, ambayo kwa kawaida huwapata wazee na huenda taratibu. Ya Collymore ilikuwa kali, ya mieloidi. Hiyo huja kwa ghafla na humtaka mgonjwa alazwe wiki kadhaa akipewa dawa kali za kuua chembe, na wakati mwingine apandikizwe uloto wa mtu mwingine.

Kuna ya tatu, nayo ndiyo inayogusa zaidi swali la malezi: saratani ya mieloidi iliyo sugu. Historia yake ni kati ya zile zinazotia moyo zaidi katika tiba yote. Mwaka 1960, watafiti wawili wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waligundua kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye chembe za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha chanzo chake: vipande vya kromosomu namba 9 na namba 22 vilikuwa vimebadilishana mahali. Mabadilishano hayo huzaa jeni mpya, BCR-ABL, inayoiamuru chembe izaliane bila kukoma. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha kidonge cha imatinibu, kinachoizuia amri hiyo. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliowafuatilia wagonjwa walioanza dawa hii mapema ulikuta kuwa baada ya miaka kumi, asilimia 83 kati yao walikuwa hai. Kabla ya hapo, wengi waliopata ugonjwa huu walihesabiwa miaka michache tu.

Ulaya na Marekani, mtu anayegundulika na saratani hii mara nyingi ni wa miaka sitini, watoto wake wameshajitegemea. Afrika Mashariki, wengi wako kwenye miaka ya thelathini na arobaini. Sababu mojawapo ni kwamba jamii zetu zenyewe zina vijana wengi kuliko wazee. Vyovyote iwavyo, ugonjwa unamkuta mtu katikati ya kuzaa na kulea. Miongozo ya tiba iliandikwa kwa kumfikiria babu aliyestaafu. Kwetu inamwangukia mama anayenyonyesha.

Tumbo la upande wa kushoto

Saratani hii huanza kimyakimya. Mtu huchoka mapema, hutoka jasho usiku, hupungua uzito, hushiba baada ya matonge machache. Kushiba huko kuna sababu: bandama, ambayo kwa kawaida haishikiki kwa mkono, inavimba na kulibana tumbo la chakula. Kliniki, daktari humlaza mgonjwa chali na kupapasa kwa ncha za vidole chini ya mbavu za kushoto, akishuka polepole hadi apate ukingo wake, kisha hupima kwa futikamba umbali kutoka ubavuni. Kwa wagonjwa wetu si ajabu ukingo huo ukutwe kwenye kitovu au chini yake.

Kabla ya kufika hapo, mgonjwa ameshapitia mengi. Ametibiwa malaria mara kadhaa, maana malaria nayo huvimbisha bandama. Kanda ya Ziwa ameambiwa ni kichocho. Mwanamke ameulizwa ana mimba ya miezi mingapi, na mwanamume ameambiwa amelishwa kitu. Wengine wamechanjwa kwa wembe pale penye uvimbe, na makovu hayo daktari huyaona siku ya kwanza. Kila kituo kati ya hivyo kimekula fedha: mbuzi ameuzwa, shamba limekodishwa, akiba ya kikoba imetolewa. Mzazi huyu anapofika hospitali ya rufaa kuambiwa ana saratani ya damu, nyumba imeshakuwa maskini kabla tiba haijaanza.

Kinachoumiza ni kwamba kipimo cha kwanza ni rahisi. Picha kamili ya damu, inayofanyika katika hospitali nyingi za wilaya, huonyesha chembe nyeupe zilizopanda kupita kiasi. Tabibu wa kituo cha afya akiweka mazoea ya kuagiza kipimo hicho kwa kila mtu mzima mwenye bandama iliyovimba na homa zisizokwisha, miezi mingi ya kutangatanga itaokolewa, pamoja na mbuzi na shamba.

Dawa ya bure na gharama zake

Imatinibu ilipoingia sokoni Marekani, dozi ya mwaka mmoja iligharimu zaidi ya dola 20,000. Kwa bei hiyo, mgonjwa wa Singida au Kitui alikuwa amehukumiwa. Njia ilifunguka mwaka 2002, pale kampuni ya Novartis ilipoanzisha mpango wa kuitoa dawa bure kwa wagonjwa wa nchi maskini, kwa kushirikiana na shirika la The Max Foundation la Seattle. Kwa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, yenye majengo yaliyojengwa na Wajerumani ufukweni Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa dawa hii kwa miaka mingi. Kenya, kliniki iliyokuwa ndani ya The Nairobi Hospital iliwapokea wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi. Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India iliinyima Novartis hataza ya dawa hiyo, uamuzi uliolinda utengenezaji wa imatinibu ya bei nafuu nchini humo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu.

Haya ni mafanikio ya kweli, na yapo maelfu ya watu walio hai leo kwa sababu yake. Lakini bure inaishia dirishani pa dawa. Mgonjwa wa Kigoma anayefuata vidonge Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Hulala gesti au kwa ndugu ambaye uso wake hubadilika kadiri ziara zinavyozidi. Hukosa kibarua siku tatu au nne. Nyumbani, mtoto mkubwa, mara nyingi wa kike, hukosa shule ili awaangalie wadogo zake. Vipimo vya kujua kama dawa inafanya kazi, vinavyotakiwa karibu kila baada ya miezi mitatu mwanzoni, huweza kulipiwa mfukoni.

Gharama hizi hazisambai sawasawa mwaka mzima. Januari inakuja na ada, sare, madaftari na michango ya shule. Msimu wa kulima unadai mbegu na mbolea. Mzazi mwenye noti chache mkononi hupima: nauli ya kliniki, au mtoto aanze kidato cha kwanza? Wazazi wengi humchagua mtoto, na ukiwauliza watakuambia ndivyo mzazi anavyotakiwa kufanya. Hujipa moyo kwamba wanajisikia vizuri, na ni kweli wanajisikia vizuri, kwa sababu dawa imefanya kazi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010 uliwapima wagonjwa kwa chupa za dawa zenye kifaa kinachorekodi kila zinapofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao karibu wote walifikia kiwango cha tiba kinachotakiwa. Chini ya hapo, wengi hawakukifikia. Asilimia 10 ya mwezi ni siku tatu. Wiki moja ya kungoja nauli inatosha kuuvuka mstari huo, na ugonjwa ukishazoea kuachiwa nafasi hujifunza kuishinda dawa. Dawa za hatua ya pili zipo, ila ni ghali zaidi na si rahisi kuzipata.

Kwa hiyo tunapozungumzia mgonjwa asiyefuata masharti ya dawa, tuangalie kwanza kalenda ya shule na ya mashamba. Bima haijalitatua hili. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilihamia mfumo mpya wa bima ya afya, SHA, Oktoba 2024. Zote ni hatua kubwa, lakini bima hulipia kinachofanyika ndani ya hospitali. Basi, gesti na siku za kibarua zilizopotea hubaki juu ya familia.

Kidonge ndani ya ndoa

Imatinibu humezwa mara moja kwa siku, pamoja na chakula na maji mengi. Ratiba hiyo huingia vizuri kwenye maisha ya nyumba. Wengi huimeza baada ya chakula cha jioni, ambapo kichefuchefu huvumilika zaidi. Unguja, Tanga au Mombasa, wakati wa Ramadhani, mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga huweza kuihamishia kwenye futari, na aliyedhoofika ana ruhusa ya dini ya kutofunga. Kidonge kina maudhi yake: macho huvimba asubuhi, misuli ya miguu hukaza usiku, tumbo huchafuka, uchovu humwandama mtu mchana kutwa. Baba anayelala saa moja jioni huonekana mvivu. Mama aliyevimba macho huonekana amelia, au amepigwa.

Na kidonge cha kila siku kinasema jambo mbele ya watu. Mtaani, mtu mzima anayemeza dawa kila jioni na kwenda kliniki kwa tarehe hudhaniwa ana VVU. Kuna wanaoficha vidonge kwenye kopo la unga au kuvitoa kwenye pakiti yake na kuvifunga kwenye kipande cha nailoni. Kuna wanaoruka dozi mkwe akija kukaa wiki mbili. Na zipo ndoa zinazovunjika kwa sababu upande mmoja umeamini kuwa ugonjwa unaambukiza. Basi isemwe wazi: saratani ya damu haiambukizi kwa kujamiiana, kwa kula sahani moja, kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kumbeba mtoto. Saratani ya mieloidi iliyo sugu hairithiwi pia. Lile kosa la kromosomu hutokea kwenye uloto wa mtu huyo mmoja, halimo kwenye mbegu wala yai analompa mwanawe.

Suala la uzazi ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalozungumzwa kwa uchache zaidi. Imatinibu inaweza kuharibu mimba na kusababisha ulemavu kwa mtoto aliye tumboni; mwanamke anayeitumia anatakiwa awe kwenye uzazi wa mpango wa uhakika. Pia huingia kwenye maziwa, hivyo hanyonyeshi akiwa anaimeza. Kwa mwanamume hali ni tofauti: uzoefu wa miaka mingi haujaonyesha madhara kwa watoto waliotungwa baba akiwa kwenye dawa hii. Tofauti hiyo wanandoa wengi hawaijui. Matokeo yake baba huacha dawa bila sababu ili mke ashike mimba, na mama huendelea kuimeza bila kujua ana mimba ya wiki sita.

Mwanamke wa miaka 28 aliyeolewa na hajazaa, au aliyezaa mara moja na ukoo unangoja wa pili, ana njia, ila ni nyembamba. Mgonjwa ambaye kwa miaka kadhaa vipimo vyake vimeonyesha ugonjwa umezama kabisa anaweza kusimamisha dawa chini ya uangalizi wa karibu, na tafiti zimeonyesha karibu nusu ya watu wa namna hiyo huendelea vizuri bila kuirudia. Ugonjwa ukirudi mimba ikiwapo, intaferoni inaweza kutumika badala yake. Lakini mpango huo unahitaji kipimo cha BCR-ABL mara kwa mara, daktari anayejua nia ya mgonjwa, na mume anayeelewa kwa nini wasubiri. Anayejiamulia kimyakimya, kwa shinikizo la wifi na mama mkwe, huacha dawa mapema, tena bila kipimo. Kliniki ya damu isiyomuuliza mwanamke kijana kama anataka mtoto imemwachia ukoo ufanye uamuzi wa kitabibu.

Homa ndani ya nyumba

Kwa mzazi mwenye saratani kali, shida huchukua sura nyingine. Yeye hana kidonge cha jioni. Ana wiki za kulazwa, nywele kunyonyoka, na kinga ya mwili inayoshuka karibu na sifuri kila baada ya mzunguko wa dawa. Katika siku hizo, homa ya nyuzi 38 ni dharura ya saa, haingojwi hadi asubuhi. Na nyumba yenye watoto wadogo haiishiwi na homa: mafua ya chekechea, kuhara, tetekuwanga.

Ushauri wa kumtenga mzazi chumbani peke yake ni rahisi kuuandika. Kwenye vyumba viwili vya kupanga Manzese au Kawangware hautekelezeki. Kinachowezekana ni haya: mtoto akirudi shule anawe mikono kwa sabuni kabla hajamkumbatia mzazi, mwenye mafua alale na bibi au shangazi, tetekuwanga ikitokea nyumbani au darasani, hospitali ijulishwe siku hiyohiyo, maana kuna dawa ya kumkinga mgonjwa ikiwahi.

Chanjo zinahitaji neno lao. Watoto waendelee kuchanjwa. Surua isiyoingia nyumbani ni kinga kwa mzazi pia. Angalizo ni matone ya polio. Virusi vilivyodhoofishwa vilivyomo kwenye matone hutoka kwenye kinyesi cha mtoto kwa wiki kadhaa, na kwa mtu asiye na kinga vinaweza kuleta madhara. Mzazi aliye kwenye tiba kali amweleze muuguzi wa kliniki ya mtoto, aulize kama ya sindano inaweza kutumika, na nepi ibadilishwe na mtu mwingine. Ni jambo la dakika moja, lakini huhitaji kliniki ya watoto ijue kwamba mama wa mtoto huyu ana saratani. Kadi ya kliniki ya mtoto haina mahali pa kuliandika hilo.

Kisha kuna damu yenyewe. Tiba kali haiendi bila kuongezewa damu na chembe za kugandisha, na hospitali huwategemea ndugu kujaza benki. Hapa ukoo mpana unaonyesha nguvu yake: watoto wa mama mdogo, wanakwaya, wachezaji wa timu ya mtaani hufika kutoa chupa mojamoja. Kwenye upandikizaji wa uloto, ukoo huohuo huwa na mpaka. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Wa baba mmoja na mama tofauti huwa na nafasi ndogo mno. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, kwa njia ya kumrudishia mgonjwa chembe zake mwenyewe. Siku upandikizaji kutoka kwa ndugu utakapokuwa wa kawaida nchini, wazazi wengi hawatalazimika kuwaacha watoto miezi sita kwa ajili ya safari ya India.

Watoto waambiwe nini

Malezi yetu yana kanuni ya kutowabebesha watoto mambo ya wakubwa. Ina hekima yake, lakini kwenye ugonjwa mrefu haisaidii. Mtoto wa miaka sita huona baba hanyanyui ndoo tena, husikia simu za michango, humwona bibi akilia jikoni. Asipopewa maelezo hujitungia, na maelezo ya mtoto mara nyingi humlaumu yeye mwenyewe: niligombana na mdogo wangu, ndiyo maana mama ameumwa.

Mambo ya kumwambia ni machache. Ugonjwa una jina. Haukuletwa na yeyote. Hauambukizi. Kuna dawa na madaktari. Na mtu fulani, kwa jina, atakupikia na kukupeleka shule mama akiwa hospitali. Hilo la mwisho ndilo mtoto hulisubiri kuliko mengine yote. Wakubwa zaidi wanaweza kupewa kazi ya kweli, kama kukumbusha kidonge saa mbili usiku. Kijana wa miaka 12 anayeshika zamu hiyo hajabebeshwa mzigo. Ameingizwa kwenye ulinzi wa nyumba yake, ilimradi asiachiwe alinde peke yake.

Uganda ilituonyesha njia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanawake wenye VVU wa chama cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: asili ya ukoo, siku mtoto alipozaliwa, ugonjwa wa mama, na nani atamlea ikibidi. Kuandika kitabu kulimlazimu mama kuzungumza na mtoto na pia kuamua mambo ya urithi na ulezi angali na nguvu. Kazi hiyo inamfaa mzazi mwenye saratani ya damu neno kwa neno, awe anatarajia kuishi miaka thelathini au miezi mitatu. Hakuna kliniki isiyoweza kugawa daftari.

Tulichokwisha kukijua

Tukiiweka saratani ya mieloidi iliyo sugu kando ya VVU, mfanano unashangaza. Yote mawili hudhibitiwa kwa kidonge cha kila siku. Yote mawili hupimwa kwa kuhesabu kilichobaki kwenye damu: huku wingi wa virusi, huku BCR-ABL. Yote mawili huwapata watu walio kwenye umri wa kulea, na katika yote mawili ukimya huua. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004, nchi zetu zilijenga mfumo mzima wa kumtunza mtu wa aina hiyo. Mfumo huo uligundua, kwa gharama kubwa ya maisha, kwamba kutoa dawa bila kuitazama familia ni kuimwaga.

Mambo manne ya mfumo ule yanahamishika bila kusubiri uvumbuzi wowote. La kwanza ni kusogeza dawa. Mtu mwenye VVU aliyetulia huchukua vidonge vya miezi mitatu hadi sita kwenye kituo cha jirani. Mgonjwa wa saratani sugu ambaye vipimo vyake ni vizuri anastahili vivyo hivyo, akionana na bingwa mara moja au mbili kwa mwaka.

La pili ni kipimo. Mashine za GeneXpert zilizosambazwa hadi hospitali za wilaya kwa ajili ya kifua kikuu zina katriji ya kupima BCR-ABL. Mashine ipo Kigoma na ipo Turkana; kinachokosekana ni katriji na mafunzo ya siku chache.

La tatu ni watu. WAVIU washauri, yaani watu wenye VVU waliofunzwa kuwashika mkono wenzao, walifanya kazi ambayo daktari hawezi: kumfuata aliyekosa tarehe, kukaa na mume mwenye hasira, kumwonyesha binti kuwa mtu huishi na kuzaa. Saratani ya damu inao watu wa namna hiyo tayari, waliomeza imatinibu miaka 15 na zaidi. Waajiriwe, walipwe.

La nne ni kuunganisha milango. Tulifaulu kupunguza maambukizi ya mama kwa mtoto pale tiba ya VVU ilipoingizwa ndani ya kliniki ya mama na mtoto, badala ya kumtuma mama jengo jingine. Uzazi wa mpango, chanjo na saratani ya damu zinahitaji mawasiliano ya aina hiyo. Kifua kikuu pia: rifampisini, dawa ya msingi ya TB, huishusha sana imatinibu mwilini, na mgonjwa anayetibiwa na kliniki mbili zisizozungumza hupoteza dawa moja kwa kumeza nyingine. Mganga wa tiba asili naye aulizwe anampa nini mgonjwa, kwa sababu baadhi ya mitishamba hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2011 maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Watu hutafuta pengine wanapokosa wa kuzungumza naye hospitali.

Yapo yasiyohamishika. Saratani kali itaendelea kuhitaji vitanda, benki ya damu, mabingwa na fedha nyingi, na hilo ni deni la serikali lisilofidiwa na ukarimu wa ukoo. Wala dunia haijamimina fedha kwa saratani kama ilivyofanya kwa UKIMWI. Lakini nauli ya mgonjwa na mtu wa kumsindikiza si fedha ya kutafutwa Geneva. Halmashauri zinazotenga bajeti za afya zinaweza kuiandika kwenye kasma, na vyama vya akiba vinavyochangia mazishi kwa haraka vinaweza kubadili katiba zao vichangie kliniki kwanza.

Fomu ya mgonjwa mpya huuliza jina, umri, kabila na anuani. Iongezwe mistari mitatu: una watoto wangapi na wadogo wana umri gani, unatarajia kuzaa tena, na nani anakaa nao ukija hapa. Majibu ya maswali hayo yatamwambia daktari mapema kuliko kipimo chochote nani yuko hatarini kuacha dawa, na yatamtaka achukue hatua. Mzazi aliyejaza mistari hiyo hatakuwa tena chembe nyeupe kadhaa kwa kila mikrolita. Atahesabiwa pamoja na nyumba yake, na tiba itapangwa kwa kipimo cha nyumba hiyo.